Kiganja Nyuma ya Mlango

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika brashi. Fundi Mkuu wa rangi katika idara ya majengo, Iringa, alinipa msasa, ile karatasi ya kusugulia, akanionyesha ukuta wa ofisi moja pale Ipogolo. "Kamwene, kijana," akanisalimu kwa Kihehe. "Sugua mpaka mkono ukuambie inatosha, siyo jicho." Akaenda kunywa chai. Nilisugua wiki nzima. Nilikuwa nimetoka kwetu Uyole, Mbeya, nikidhani kupaka rangi ni kupaka rangi.

Leo mnanunua ndoo dukani ikiwa imeshachanganywa. Sisi tulichanganya wenyewe. Ukuta wa ofisi ulikuwa na sehemu mbili: juu rangi ya maji, nyeupe ya maziwa, chini, hadi usawa wa kifua, rangi ya mafuta ya kijani, ili migongo ya watu wanaosubiri isiuchafue. Katikati ulipita mkanda mwembamba, nao tuliunyoosha kwa uzi uliopakwa chaki: wawili mnauvuta, mmoja anaufyatua, mstari unabaki ukutani.

Na nyuma ya mlango, pale unapopafunika ukiwa wazi, tuliacha kiraka. Jambo hilo halikuandikwa popote. Kabla ya kuanza unaweka kiganja ukutani, unakizungushia penseli, na ndani ya alama hiyo brashi haiingii. Rangi ya zamani inabaki. "Atakayekuja aone mwenzake alikuta nini," Fundi Mkuu alipenda kusema. "Ukuta usiwe kama mtu asiye na ukoo."

Baadaye nilihamishiwa Mbeya, chini ya Mkaguzi wa Majengo, mtu aliyecheka kwa nadra na kwa bahati mbaya. Jioni alitupanga mstari akatukagua vidole. "Rangi ya serikali haiendi nyumbani kwako, hata kwenye ukucha," alisema. Tulinawa kwa mafuta ya taa mpaka ngozi ikawasha. Ndiye aliyenipeleka Ubaruku, kwenye mashamba ya mpunga, kuhudumia nyumba ya wageni wa serikali na maghala. Huko nilikaa mpaka nikastaafu.

Mke wangu, Mama Atu, alibaki Uyole akilima viazi na kulea watoto. Mimi nilirudi mwisho wa mwezi, mikono safi, nikinuka mafuta ya taa. Nyumba yetu yenyewe ilibaki saruji tupu, mganga hajigangi. Mama Atu alinitania mbele ya wageni: "Huyu anasema ni fundi rangi. Mimi nimemwamini tu, kama ninavyoamini mbingu." Watu walicheka, nami nilicheka. Lakini iliniuma. Miaka yote ile niliyokosekana nyumbani, sikuwa na ukuta hata mmoja wa kumwonyesha.

Mwaka huu binti yetu Atu, anayeishi Iringa, alipiga simu. Mjini kulikuwa na maonyesho ya picha za mahali pa kweli panapoonekana kama pametengenezwa kwa ajili ya sinema, na humo alikuwa ameiona ile nyumba ya wageni ya Ubaruku. Nilimwomba Mama Atu twende. Nilitaka aione, basi.

Picha zilikuwa kubwa. Kinu cha mpunga na mwanga ukikata vumbi la pumba. Kituo cha reli kisicho na abiria. Malori yamejipanga ndani ya ukungu wa Uyole. Vijana waliokuwa wakitazama walisema ni kama wanamsubiri mwigizaji atokee. Mimi, kwa mazoea, niliangalia kuta. Kile kituo kilipakwa mkono mmoja wa rangi badala ya miwili.

Ya Ubaruku ilikuwa mwisho: chumba kitupu, kiti kimoja, dirisha limejaa kijani cha mpunga, mlango umefungwa. Tangu niondoke chumba hicho hakijapakwa tena.

"Hii si wameipanga?" Mama Atu alimuuliza dada aliyesimamia ukumbi.

"Hapana bibi, ndivyo palivyo."

Mama Atu akanigeukia. "Huo mkanda kaunyoosha nani?"

"Mimi na wenzangu."

"Umenyooka. Na hicho kidoa hapo pembeni ya mlango?"

Nikamweleza habari ya kiraka.

"Kiganja cha nani?"

"Changu."

Alisogea mpaka dada akasema, "Bibi, tusiguse." Hakugusa. Aliinua mkono wake mbele ya picha, akautandaza, akasimama hivyo kitambo.

"Kumbe ulikuwa huku," akasema.

Niliona haya kulia mbele ya watoto wa watu, nikaangalia kiti.

Njiani kurudi aliniuliza, "Kwetu sasa utapaka lini, Baba Atu?"

"Miguu hii haipandi ngazi tena."

"Upake chini, juu atapaka fundi. Ila nyuma ya mlango uniachie saruji. Wajukuu wajue nimekaa humo namna gani."

Kustaafu hakunifundishi mengi. Hasa kunanipa nafasi ya kukaa nilipopaswa kukaa. Siku ya kuanza niliufunga mlango wa mbele, nikachukua penseli. Sikuweka kiganja changu. Nilimwita kutoka jikoni, akaja na vidole vyenye unga, akauweka mkono ukutani, nami nikauzungushia mstari polepole.

Jioni ile sikunawa kwa mafuta ya taa. Nilikaa mezani kwetu nikiwa na rangi kwenye kucha.