Kituo cha Saba

Alois Zbořil alikuwa mtu mnyoofu mpaka akachosha watu. Kwa miaka thelathini alipaka alama za njia ya miguu mjini Olomouc bila kulipwa hata koruna moja: mraba mdogo mweupe wenye mstari wa kijani mshazari, kwenye mabomba ya mvua, kwenye nguzo za taa na pembe za nyumba, ili mgeni mwenye kikaratasi cha maelezo ya njia aweze kuuzunguka mji peke yake bila kumuuliza mtu. Alianzia kwenye Nguzo ya Utatu, akapita saa kubwa ya ukutani na chemchemi za mji, akaishia kanisa kuu, vituo sita kwa jumla.

Fremu yake ya bati, ya kuchorea alama, aliikata mwenyewe. Alipaka nyeupe kwanza, akasubiri ikauke kabisa, ndipo akapaka kijani. Akimaliza, aliirudia njia nzima kutoka mwisho kwenda mwanzo, maana katika chama cha waweka alama, alama inayoonekana upande mmoja tu ni aibu sawa na kwenda misani na zipu wazi. Wanachama wapya aliwafundisha kwa ukali, kidole hewani.

"Humpitishi mtu dukani kwa shemeji yako," aliwaambia. "Mgeni kakukabidhi miguu yake. Usiichezee!"

Basi mtu huyu huyu ndiye aliyekuja kuichezea, tena kwa makusudi.

Mke wake Ludmila alikuwa ameuza jibini sokoni miaka ishirini na sita, zile ndogo za kwao zinazonuka mpaka abiria wa tramu wanasogea wenyewe. Alijua kucheka na kila mtu na kumtania hata padri. Kisha kiharusi kikamkamata, kikamwachia ulimi mzima na miguu iliyokufa. Akawekwa kwenye kiti cha magurudumu mbele ya dirisha la chini, nyumba yao ikiwa kwenye kichochoro ambacho hakikuwa na mpita njia ila tarishi, na tarishi mwenyewe ana haraka. Majira ya baridi yale Ludmila aliacha kuzungumza. Baadaye akaacha kula. Alois alimlisha supu kwa kijiko, naye akaitema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililomtisha mumewe kuliko matusi.

Ilipofika Aprili alichukua fremu na makopo yake, akaipinda njia. Badala ya kwenda moja kwa moja kanisa kuu, sasa ilikata kona, ikaingia kichochoroni na kupita chini ya dirisha la Ludmila. Kwenye kikaratasi akaongeza kituo cha saba: "Mandhari ya minara mitatu." Haikuwa uongo. Ukisimama pale siku hizo, minara mitatu ya kanisa kuu ilionekana vizuri juu ya mapaa.

Na watu wakaja. Walisimama, wakatazama minara, kisha wakamwona mama kwenye dirisha lililo wazi, wakamsalimu. Ludmila akaanza tena kuvaa hereni asubuhi. Akaomba supu, akailaumu kwamba haina chumvi.

Baada ya miaka sita yakajengwa maghorofa upande wa pili, na minara ikafichika yote. Wiki ile ile Alois alipaswa kufuta alama. Badala yake alizipaka upya, nyeupe, halafu kijani. Wageni waliendelea kuja, wakawa wanazungusha shingo kama kuku waliopotewa na punje.

"Minara iko wapi, mama?" walimuuliza.

"Mmechelewa!" alijibu Ludmila kwa furaha. "Wamejenga mbele yake. Lakini ngoja niwaeleze ilivyokuwa."

Akawaeleza. Alijua rangi ya minara ile kila mwezi wa mwaka, na alijua pia nani alimwoa nani nyuma ya kila dirisha. Wengine walikaa kwenye ngazi ya mlango nusu saa nzima. Hivyo ndivyo alivyoishi miaka mitano mingine, na sitaki kusikia mtu akiniambia ile haikuwa mandhari.

Mwaka huu, mwanzoni mwa Juni, ukafika ukaguzi. Mkuu mpya wa waweka alama alikuwa Radim Kopečný, mwanafunzi wa Alois mwenyewe, kijana mpole. Walitembea pamoja mpaka kwenye kona, kabla ya kichochoro, pale Ludmila asipoweza kuwaona. Radim akasimama, akatoa simu yake.

"Mwalimu, kuna malalamiko. Sitaki kukusomea."

"Soma tu."

Radim akakohoa. "Kituo cha saba hakuna kitu. Ni bibi mmoja tu dirishani, anaongea sana."

Alois alitazama alama iliyokuwa kwenye bomba, kingo zake zimenyooka, kazi nzuri.

"Tangu lini hakuna minara?" aliuliza Radim.

"Miaka mitano."

"Na wewe umepita hapa kila mwaka na brashi mkononi?"

"Nimepita. Ni mke wangu, Radim. Asipopita mtu, ataninyamazia tena."

Kijana akainamisha kichwa. "Mwalimu, ni wewe uliyenifundisha. Mgeni kakukabidhi miguu yake. Sasa nifanyeje mimi? Nikiiacha hii, kesho nitamkataza nani?" Akarudisha simu mfukoni. "Nitazifuta mimi. Nenda kapumzike."

"Hapana," alisema Alois. "Chamani kwetu aliyepaka ndiye anayefuta. Hilo nalo nilikufundisha."

Zilikuwa alama tano. Alichanganya rangi ya kijivu ifanane na kuta, akaanzia kwenye kona. Alifanya kazi safi, maana hakujua kufanya kazi chafu hata kwa jambo alilolichukia. Alama ya mwisho ilikuwa kwenye bomba chini ya dirisha lenyewe, mahali ambapo Ludmila hakuweza kupaona bila kusimama.

"Lojza, ni wewe?" aliita Ludmila kutoka dirishani, kwa jina lao la nyumbani. "Nasikia harufu ya rangi."

"Ni mimi, Lída. Ukaguzi."

"Ipake vizuri basi. Jana wawili waliipita bila kuiona."

"Naipaka," alisema, na brashi ikapita juu ya kijani.

Siku ya kwanza hakuja mtu. Ludmila alisema labda kuna mvua huko mjini Brno, watu hawajasafiri. Siku ya pili alisema labda kuna mpira. Kila asubuhi alivaa hereni, akafungua dirisha, akaweka viwiko vyake kwenye mto mdogo. Alois alikaa jikoni akisikiliza. Alisikia nyuki kwenye mti wa mlindeni ng'ambo ya kichochoro, uliokuwa umechanua wote kama kila mwanzo wa kiangazi, na hakusikia kitu kingine.

Siku ya saba alimpelekea kahawa. Ludmila hakuichukua. Alikuwa anatazama mkono wa mumewe uliokishika kikombe, mahali rangi ya kijivu, si nyeupe wala kijani, ilipokuwa bado imebaki kwenye mizizi ya kucha. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Wageni mbona hawapiti, Lojza?"

Alois alitaka kumwambia. Mdomo ulifunguka, na kilichotoka ni hiki: "Msimu umeisha mapema mwaka huu."

Harufu ya maua ya mlindeni ilikuwa imejaa chumba kizima. Ludmila akavua hereni moja, kisha ya pili, akaziweka ndani ya kisahani cha kahawa.

"Basi funga dirisha," alisema, "uniletee na shali. Kama msimu umeisha, baridi iko njiani."

Alois alifunga dirisha. Shali aliikuta kabatini chini ya makoti, akaja nayo akamfunika mabegani, na kwa joto lile la Juni jasho likaanza kumtoka Ludmila kwenye paji la uso.