Sufuria ya Akina Mama wa Mahabibo

Haya, mmeshaanza kucheka na bado sijafungua mdomo. Chekeni tu, lakini mjue haya nimeyaficha miaka na miaka, hata mke wangu hapa Tanga hakuyajua mpaka juzi, maana kila nikiyakumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze.

Kwetu ni Mahajanga, mtaa wa Mahabibo, katika familia zilizotoka Ngazidja zamani. Nyumbani tulisema Kikomoro, sokoni Kimalagasi, shuleni Kifaransa, na Kiswahili hiki nimekiokotea kwenu. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilirudi kutoka masomoni ng'ambo nikiwa mhandisi, lakini si mhandisi wa madaraja wala wa mitambo, bali wa vile vitu vyenyewe, chuma, shaba, saruji, yaani kazi yangu ilikuwa kujua kitu gani kinastahimili nini na kitavunjika lini (msicheke, subirini). Nikapata kazi kiwanda cha sukari kule kisiwani Nosy Be, katika chumba cha kupimia vyuma. Mama akiulizwa na wenzake, "Mwanao kasomea nini hasa?" anajibu, "Kasomea vyuma," nao wanasema, "Aa, kumbe mhunzi!" Hilo lilinichoma, nawaambia kweli.

Sasa, Mama ndiye aliyekuwa mtunza sufuria. Akina mama wa mtaa walikuwa na sufuria moja kubwa ya shaba waliyoachiwa na bibi zao, na hakuna harusi iliyopikiwa kitu kingine. Mtunzaji alichaguliwa na wote, ufunguo wa stoo akaufunga kwenye pindo la leso yake, na siku ya harusi yeye ndiye aliyetangulia mbele wakati sufuria inapelekwa kwa nyimbo. Mama hakuwa na mali wala mume, alikuwa na ufunguo ule.

Nikaja likizo, zikiwa zimebaki siku mbili aolewe Zaliha, binti wa jirani, nikamkuta Mama ameshika shavu. Sufuria ina ufa kitakoni, mwembamba kama unywele. Alitaka kuipeleka kwa Fundi Abdou, mzee wa kufua shaba pale sokoni.

"Mama, mwana umemsomesha wa nini?" nikamwambia.

"Utaweza? Hii si yangu, mwanangu."

"Hesabu ndogo hiyo, Mama." Wallahi, ndivyo nilivyosema.

Fundi Abdou angeiunga kwa shaba ya njano, kwa moto mkali na mivukuto, kazi ya siku nzima. Mimi nilikuwa na kijiti cha lehemu begini na kijitaa cha gesi cha kuiyeyushia, nikakaa nikapiga mahesabu: pilau hupikwa kwa maji, maji yakichemka hayapiti digrii mia, na lehemu haiyeyuki mpaka ikaribie mia mbili, basi tuna nafasi tele. (Lehemu ile ina madini ya risasi ndani yake na haifai kukaribia chakula, hilo nalo nililijua, nikajitia hamnazo.) Nikamchorea Mama mambo yote hayo nyuma ya kalenda, akaniitikia kwa kichwa kwa heshima, maskini, na kwa nusu saa nikawa nimemaliza.

Asubuhi ya harusi Mama mbele, sufuria nyuma yake, nyimbo juu, na mimi na tai yangu nafuata, kila anionaye namweleza jinsi nilivyoiziba. Mpishi mkuu alikuwa Bi Echata, aliyepikia harusi tangu mimi sijazaliwa. Akapitisha kidole chini ya sufuria.

"Kaiziba nani?"

"Mimi."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa elimu, Bi Echata."

Wanawake wakaangua kicheko, yeye akabetua mdomo, akainua dumu la mafuta akalimimina lote, kisha akaagiza kapu la vitunguu. Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Jamani, pilau huanza kwa kukaanga vitunguu! Mafuta si maji, mafuta yanapanda mpaka mia mbili na kupita, na mimi katika maisha yangu yote nilikuwa nakula pilau bila kusimama hata siku moja jikoni kutazama inavyoanza.

Ningepiga kelele, "Iteremsheni!" mambo yangeishia pale. Lakini wazee wa upande wa bwana harusi walikuwa wameshakaa, na mimi nimejisifu mtaa mzima, nikanyamaza. Mmoja wa wapishi akasema sufuria inadondosha. Nikasema, "Inatoka jasho tu." Halafu likadondoka tone jeupe kama fedha, ndiyo lehemu yangu hiyo, likafuata la pili, yakafuata mafuta, na moto ukaruka, na mimi, mhandisi mzima, nikakamata ndoo ya maji nikayamwaga juu ya mafuta yanayowaka! Ndimi zikafika kwenye makuti ya banda la kupikia, watoto wakabebwa juu juu, vitunguu vikalala majivuni. Namshukuru Mungu hakuungua mtu, isipokuwa nyusi zangu na ile tai.

Laiti aibu ingekuwa hiyo peke yake. Watu walipouliza imekuwaje, nikafungua mdomo nikasema, "Moto ulizidi. Bi Echata kachochea mno."

Bi Echata akanitazama. Mama ndiye aliyesogea, akasema, "Kosa langu. Ilikuwa mkononi mwangu, nami nimeileta mbovu." Akafungua pindo la leso, akautoa ufunguo, akauweka kiganjani mwa Bi Echata mbele ya watu wote. Na mimi nimesimama pale najifuta masizi. Wali wa Zaliha ulipikwa kwa visufuria vya kuazima nyumba kumi, mwingine bokoboko, mwingine mbichi. Jioni Mama alinipikia chai kama kawaida, na kesho yake nikarudi zangu Nosy Be.

Kazi yangu ilininyookea. Kila penye kitu kilichovunjika niliitwa niseme kimevunjika kwa nini, nikaandika ripoti, nikatia sahihi. Mama hakushika tena sufuria ile, harusini alikaa na wageni, na ukimuuliza anasema magoti yanauma.

Baada ya kumzika Mama, nikaenda kwa Bi Echata, kizee sasa, nikamwambia, "Siku ile haikuwa moto wako. Ilikuwa lehemu yangu."

"Tulijua siku ile ile, baba," akasema. "Tuliiokota majivuni, Fundi Abdou akaitambua mara moja. Mama yako alizunguka nyumba hadi nyumba kutuomba tusiseme. Alisema ndiyo kwanza unaanza kazi, tusikuharibie jina."

Nililia mbele yake kama mtoto, sioni haya kuwaambia. Tangu hapo nikikosea nasema hapo hapo, mbele ya watu, kabla sijaulizwa. Nimechelewa, najua. Aliyestahili kunisikia nikisema hayupo.