Kanga ya Mama katika Kiota cha Fundichuma

"Kuondolewa kwa Makazi ya Ndege Yasiyo Rasmi katika Chanzo cha Maji cha Kitongoji." Ndivyo lilivyosomeka tangazo la bwana mtendaji pale dukani, kwetu Miteja, nilipokuwa mtoto wa darasa la pili. Serikali haiamini uchawi, kwa hiyo mtendaji, aliyeuamini kama sisi sote, alilazimika kuuandika kwa lugha ya mipango miji.

Kilichotakiwa kuondolewa ni kiota cha fundichuma kwenye mkuyu ulioinamia bwawa letu. Asiyemjua ndege huyu angemdharau: rangi ya tope, na kishungi cha kisogoni kinachokifanya kichwa kifanane na nyundo. Kutwa anasugua miguu matopeni ili vyura washtuke watoke. Lakini nyumba yake! Rundo la vijiti ambalo mtu mzima angeweza kusimama juu yake, limekandikwa udongo kwa ndani, mlango uko chini. Na haridhiki na vijiti. Anaokota mifupa, manyoya, matambara. Kwetu ilijulikana kwamba akijengea kitu chako, uhai wako umo mle, nawe utanyauka taratibu. Ilijulikana vilevile kwamba atakayekibomoa kiota, nyumba yake itaungua. Ofisi ikawa imebanwa pande zote mbili.

Mama alikuwa mjamzito, na mimba iliyotangulia ilikuwa imeharibika. Mjamzito haaniki nguo bwawani. Mama alianika, juu ya matete, kwa sababu jua lilikuwa kali na nyumbani ni mbali. Kanga ilikuwa kuukuu, upindo wake ukachanika na kubaki pale. Haukupita muda upindo ule ukaonekana unaning'inia kiotani, na kila aliyekuja kuteka maji aliyasoma maandishi yake: HAYAWAHUSU. Kanga ya jina hilo alikuwa nayo mama peke yake.

Tangu hapo wanawake wakawa wanasubiri mama aondoke ndipo wachote. Malalamiko yakafika ofisini, na mtendaji akaitisha mkutano palepale bwawani.

"Nahitaji mtu mmoja wa kupanda," alisema. "Posho ipo."

"Posho nitailalia wapi nyumba ikishaungua?" aliuliza mvuvi mmoja wa kambale. "Panda mwenyewe, bwana mtendaji. Wewe si unakaa nyumba ya serikali!"

Watu wakacheka. Mtendaji akasema yeye kazi yake ni kusimamia.

Bibi, mzaa baba, hakucheka. Alimshika mama mkono. "Mwanangu, twende Somanga. Kuna mzee anayafungua mambo haya. Kama hutaki, basi rudi kwenu ukajifungulie huko. Sitaki mume wako azike tena."

Baba akawa anatazama maji.

"Mama," alijibu mama kwa adabu zote, "Somanga siendi, na kwetu siendi."

Akavua begani pande la pili la doti ileile, akaling'ata ukingo, akalichana. Nausikia mpaka leo mlio ule. Akachana tena na tena, akavitandaza vipande kwenye tope.

"Kama uhai wangu anao, anao nusu. Nampa na uliobaki, asihangaike kuiba."

"Astaghfirullah!" bibi akasema.

Fundichuma hana haya na watu. Alitembea mpaka kwenye vile vipande, akavuta kimoja, akakitupa, akachagua kingine kama mteja msumbufu, akaruka nacho. Waliokuwa mbele wakarudi nyuma wakikanyagana.

Mama akamgeukia mtendaji. "Andika kwamba mwenye kitambaa hajalalamika."

Nilimkasirikia miezi yote iliyofuata. Nililichunga tumbo lake kama anayechunga maziwa jikoni yasifurike, naye kila asubuhi akienda bwawani peke yake, ndoo kichwani, hana haraka.

Ukubwani nimesoma habari za ndege huyu. Anajenga viota vingi kuliko anavyohitaji, na bundi na nyoka huhamia humo bila kibali. Kuhusu matambara, vitabu nilivyopata havikuniridhisha. Angalau havikubandika tangazo. Wasomi wenzangu wakisikia kisa hiki humsifu mama kwamba hakuwa mtu wa imani hizo. Wanakosea. Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza.

"Niliogopa sana," alisema. "Lakini ningekwenda kwa yule mzee mtoto akafa, ningeambiwa nilichelewa. Nisingekwenda akafa, ningeambiwa nilikataa. Lawama ilikuwa inanisubiri kote kote. Nikaona bora nikatae mbele ya watu."

Mdogo wangu alizaliwa msimu wa korosho, mchana, akiwa mzima, na bibi ndiye aliyempokea.