Mitamba Walichanjwa Kwanza

Sikia nikueleze, ndugu yangu, jinsi mitamba wa mama, ng'ombe wake ambao hawajazaa bado, walivyochanjwa kabla yangu. Kwetu karibu na Kapkatet, daktari wa mifugo akifika, mama huacha hata kuchuma chai. Siku hiyo alimpa mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyu, akamshukuru kwa kuwakinga mitamba mapema wasije wakatupa mimba. Mimi, binti yake wa miaka ishirini na miwili, nikasema nami nataka chanjo ya HPV, kirusi kinachoenezwa kwa ngono na kinachoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi.

“Chanjo ya nini? Kwani umeanza tabia?” mama aliuliza.

“Mama, kwani hii mitamba imeanza tabia?”

“Wacha mdomo! Hiyo huchanjwa kabla haijaona dume.”

Hapo akayasikia maneno yake mwenyewe. Mama, mtaalamu wetu wa kinga, alikuwa amefafanua vizuri kuliko bango lolote la kliniki. Kesho yake alinipeleka hospitali mwenyewe. Muuguzi alisema hata aliyekwisha kuanza ngono bado anaweza kufaidika, ila kupimwa saratani hiyo kuko palepale.

Kama una miaka ishirini na sita au chini na hujachanjwa, nenda kliniki uulizie chanjo ya HPV.