Doa Kwenye Kadi

Duka lilikuwa la vyumba viwili vilivyotenganishwa na pazia. Chumba cha mbele kilikuwa na kaunta, viti virefu viwili na kompyuta za watu zikisubiri zamu yao ya kutengenezwa. Cha nyuma kilikuwa himaya ya mwanamke aliyeitwa Bi Feni. Jina hilo alipewa na majirani, kwa sababu feni za mashine zake zilivuma kutwa, hata muuza vitambaa wa mlango wa pili akawa anapatana bei na wateja kwa kupaza sauti. Bi Feni hakuchukia. Alisema mashine inayovuma ni nzima, uiogope iliyonyamaza.

Kaunta ilikuwa ya shoga yake, Asali. Hilo nalo ni jina la kupewa, na aliyemsikia akimpoza mteja mkali hakuuliza lilitoka wapi. Walisoma darasa moja, wakapanga chumba kimoja, wakafungua duka pamoja. Mmoja mikono, mwingine mdomo. Watu walisema wale ni chanda na pete, na Bi Feni, maskini, aliamini, maana hakujua kumwamini mtu nusunusu.

Siku moja walinunua kadi ya picha ya mtumba. Kadi ya picha ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye skrini, na ina kumbukumbu yake yenyewe; humo ndimo gemu huweka milima yake, magari yake na nyuso za maadui. Kumbukumbu hiyo ikijaa, vinavyobaki hupelekwa kwenye kumbukumbu kuu ya kompyuta, ambako ni mbali, na picha huanza kukwamakwama kama mtu anayeongea huku anatafuta neno. Bi Feni alikuwa nyuma ya pazia akifuta vumbi aliposikia kitu kikianguka sakafuni, kisha kimya. Alimjua Asali kwa kila sauti, na kimya kile alikijua pia. Akangoja aambiwe. Asali aliingia na kadi mikononi, anatabasamu.

"Shoga, tujaribu mali yetu."

Kadi iliwaka, lakini kila gemu walilofungua lilitoa madoa ya rangi. Bi Feni alipochunguza, aliona ni sehemu moja tu ya kumbukumbu iliyoumia. Picha yoyote iliyowekwa pale ilitoka na ukurutu. Asali alisimama nyuma yake akiuma kucha.

"Itakuwa imekuja hivihivi," Bi Feni alisema. "Vitu vya mtumba ndivyo vilivyo."

"Ndivyo vilivyo," Asali akajibu upesi.

Mwingine angegomba. Bi Feni aliketi akaandika programu. Mfumo unaoiendesha kompyuta yake ulikuwa ule wa bure, unaokuruhusu kuufunua matumbo na kuyachezea, naye akaifundisha programu kugawa nafasi za kadi: picha zinazohitajika sasa zikae karibu, zisizohitajika zisogezwe, na kabla ya yote, gemu likifunguka tu, programu ikaikalie ile sehemu mbovu ili picha isiwekwe pale. Hakueleza popote ndani ya programu kwa nini. Angeandika nini? Kwamba rafiki yangu aliangusha kadi akanificha? Aliona aibu kwa niaba yake.

Programu ikawa nzuri kuliko alivyotarajia. Magemu yaliyokuwa yakigoma kwenye kompyuta kuukuu yakaanza kuteleza. Basi wakapanga Bi Feni aihamishie na kwenye mifumo mingine, ile ya kulipia, kisha waipeleke pamoja kwa kampuni ya magemu, majina yao mawili juu yake.

"La kwako litangulie," Asali alisema. "Mimi nitakubebea mkoba."

Walicheka sana siku hiyo.

Kisha Asali akaaga kwenda kumuuguza mama yake. Bi Feni alimkunjia nguo mwenyewe, akampa na kompyuta ya mkononi ya kumwondolea upweke, yenye kazi yote ndani. Simu zikawa chache. Mama hajambo kidogo, mama kazidiwa, nitakupigia. Halafu zikakatika.

Habari ililetwa na mwalimu mmoja aliyekuja kuchukua kompyuta yake. "Hongereni," akasema, akamwonyesha simu. Asali alikuwa jukwaani, meno yote nje, na nyuma yake maandishi makubwa yalisifu programu inayofanya magemu yachezeke kwenye mfumo wowote. Mbunifu alikuwa mmoja. Bi Feni alisoma tena akitafuta jina lake, hadi kwenye vijiherufi vya chini kabisa.

"Wewe hukwenda kwenye sherehe?"

"Nilikuwa na kazi," alisema, akamsogezea kompyuta yake.

Hata hivyo alimtetea. Labda ni programu nyingine. Labda kampuni ndiyo iliyokosea. Akaipakua, akaiweka kwenye kompyuta ya mteja yenye kadi mpya isiyo na kasoro, akatazama kumbukumbu inavyojazwa. Kabla ya picha ya kwanza kuingia, programu ilikwenda moja kwa moja ikakalia sehemu ileile, kwa ukubwa uleule, kwenye kadi ambayo haijawahi kuanguka popote. Hapo akajua. Alizima mashine zote, na muuza vitambaa akaja mlangoni kuuliza kama kuna msiba.

Ulikuwepo. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema. Hawasemi kwamba nguo yenyewe umeifua na kuipiga pasi wewe. Aliona uchungu, akaona hasira, na zaidi ya yote alijiona mjinga.

Malalamiko yalipoanza kufika kwenye kampuni, Asali alirudi. Alinukia vizuri. Alikaa kwenye kiti chake cha zamani bila kukaribishwa.

"Jina lako nitaliweka, shoga yangu, haki ya Mungu. Mambo yalikwenda mbio tu." Akafungua kompyuta. "Sasa, wenye kadi ndogo wanalalamika gemu linakwama. Kuna mistari ya programu hapa inakalia nafasi bure. Mafundi wao wananiuliza ni ya nini, sina jibu, na kuigusa naogopa. Wakigundua siielewi, nimekwisha."

Bi Feni aliitazama mistari aliyoiandika mwenyewe. Angesema tu sijui, na mwenzake angeanguka mbele ya wote waliompigia makofi. Alitamani, tena sana.

"Unaikumbuka ile kadi yetu ya mtumba?"

"Ile mbovu?"

"Haikuwa mbovu. Uliiangusha, hapo ulipoweka miguu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikasikia."

Asali alirudisha miguu nyuma.

"Ilipata doa," Bi Feni akaendelea. "Mistari hiyo niliiandika kulikalia hilo doa, usiwe unaliona kila siku ukajisikia vibaya."

Asali alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza haukuwa na asali ndani yake. "Ulijua siku zote? Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa shoga yangu."

Nje muuza vitambaa alikuwa akipima kitambaa, mkasi ukilia.

"Sasa niifanyeje?" Asali akauliza kwa sauti ndogo.

"Ifute," Bi Feni alisema, akainua pazia. "Sina tena wa kumfichia aibu."

Akaingia ndani kuwasha feni zake.