Mkono Ulioshika Kibuyu cha Balozi

Nilikwenda Nduta kwa mambo mawili. Gazeti letu dogo la Kasulu lilinituma nikaandike ziara ya balozi mmoja wa Ulaya kwenye kambi ya wakimbizi, na mama yangu alinituma nikamtafute Mama Leoni. La gazeti ndilo lenye mshahara. La mama ndilo lililoninyima usingizi.

Nilizaliwa kambini humohumo, kabla haijafungwa ile mara ya kwanza. Mama aliugua baada ya kunizaa, na jirani yetu akaninyonyesha pamoja na Leoni wake. Jina lake jingine silijui. Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, basi. Kambi ilipofungwa yeye alirudi Burundi. Mama aliolewa na Muha wa Kasulu, tukabaki. Kambi ilipofunguliwa tena, mama alianza kusema moyo unamwambia mwenzake karudi.

Alfajiri, Kasulu. Mama, ambaye miguu haimruhusu tena kusafiri, alinifungia mihogo ya kuchemsha kana kwamba naenda Dar. "Goreti, usije ukaniletea picha za wazungu tu!" Dereva wetu alicheka mpaka akazima gari.

Njiani nilikumbuka tulivyohama na lile vumbi jekundu, mama amenibeba hadi nyusi zetu zikawa za rangi moja. Siku hizi kuna lami, safari ni mteremko. Jamani, nililitamani vumbi.

Kibondo tulikunywa chai, tukausubiri msafara wa balozi, tukaufuata.

Nduta, saa nne. Sikutambua hata kona moja, lakini harufu ya maharage na moshi ilikuwa ileile. Kinamama walikuwa wanaimba. Mbele yao bibi mmoja mwembamba alishika kibuyu cha mutobe, maji matamu ya ndizi mbivu, na mrija ndani yake. Ofisa wa itifaki akamnong'oneza, "Bibi, mheshimiwa hatakunywa."

Bibi alivuta mrija yeye kwanza, akameza, maana kwetu mwenye kinywaji huonja mbele ya mgeni kuonyesha hakina sumu. Kisha akamnyooshea balozi. Balozi akamtazama, akainama, akanywa. Vigelegele! Nikapiga picha.

"Na wewe mwandishi, kunywa, umekauka," bibi akaniambia. Nilikunywa, nikarudi utotoni moja kwa moja. Nikamuuliza, "Bibi, unamfahamu Mama Leoni?"

Uso wake ukajifunga. "Mama Leoni hayupo tena, mwanangu. Usimuulize mtu mwingine."

Nilitaka kumweleza mimi ni nani, lakini dereva alikuwa anapiga honi, msafara unaondoka.

Kurudi kulikuwa kurefu. Nilimwambia mama jioni ile, naye akajifunika kanga kichwani.

Gazeti lilipotoka nilimpelekea, angalau afurahi kuona kazi yangu. Mhariri alikuwa ameikata picha: balozi yumo mzima, na bibi amebaki mkono tu, umeshika kibuyu. Mama akalisogeza gazeti mlangoni kwenye mwanga. Ghafla akapiga kelele.

"Goreti! Kidole hiki kilichopinda nilikifunga mimi! Alijikata na panga tukivuna ndizi. Huyu ndiye!"

"Lakini mama, mwenyewe ndiye aliyeniambia Mama Leoni hayupo."

Furaha ikamtoka usoni taratibu. "Basi Leoni amekufa. Mama aliyefiwa haitwi tena kwa mtoto huyo, ni kumtonesha kidonda kila asubuhi. Ndiyo maana wanamwita Bibi tu."

Nililia. Leoni nilichangia naye ziwa moja, na mikono iliyotubeba sote wawili ilikuwa imeninywesha juzi, nisiijue. Nimeandika ziara nyingi za wakubwa. Tangu siku hiyo, kabla ya kumtazama mgeni, namtazama kwanza aliyeshika kibuyu.

Mama alifuta macho. "Kesho rudi Nduta. Usimwite Bibi, wala Leoni usimtaje mpaka amtaje yeye. Mwite Mama Goreti."

"Mama, hilo si jina lako?"

"Ni letu sote tangu alipokunyonyesha. Nimelitumia peke yangu muda mrefu mno."