Siku Nilipombeba Mama Mkwe Hadi Jineri

Jamani, nakiri mapema ili mtu asinikatize katikati: ndiyo, ni mimi yule kijana wa suruali ya bugaluu aliyekimbia na mama mkwe wake begani mchana kweupe pale Bunda, mbele ya shifti nzima ya jineri ya pamba, na mkikutana na mtu yeyote wa rika langu kule atawaambia alikuwepo na aliona kwa macho yake (wote wanasema walikuwepo, hata waliokuwa Musoma siku hiyo).

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa kiwanda cha kusafisha mafuta, Dar es Salaam. Kwetu Bugwema hakuna aliyejua hasa nafanya nini huko, ila walijua nina suruali pana, viatu vya raizoni vyenye visigino virefu na nywele za kutosha kupotezea kitana. Nikapata likizo, nikapanda treni mpaka Mwanza na basi mpaka nyumbani, na haja yangu ilikuwa moja tu, kumwoa Nyangeta, niliyempenda tangu tuko shule. Baba yake, Mzee Wambura wa Bunda, mkulima wa pamba, alishakubali ng'ombe wetu wakafika zizini kwake, lakini akasema binti hatoki mpaka amwone huyo mwanaume na kazi yake aielewe.

Msemaji wetu alikuwa baba mdogo Mafuru, na njia nzima alinipa masharti. Usile sana. Usicheke. Na mama mkwe (hapo akasimama kabisa barabarani) usimtazame, usimpe mkono, ukisikia anapita geukia ukutani, maana kwetu mkwe wa kike ni kama waya wa umeme, hugusi hata kwa bahati mbaya. "Ukiulizwa kazi, sema kiwandani, basi. Mengine tuachie sisi wazee."

Kiwandani, basi. Ningesema hivyo nikanyamaza, leo ningekuwa mtu wa heshima zake.

Nyumba ya Mzee Wambura ilikuwa nyuma ya jineri, kile kiwanda cha kuchambulia pamba. Wanaume tukakalishwa sebuleni, pembeni ya redio kubwa ya mbao iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi, na wanawake wakawa chumba cha pili, nyuma ya pazia la maua. Tukaletewa ugali na sato. Mzee akanawa, akanitazama viatu, akanitazama nywele.

"Wewe kijana, huko Dar unafanyaga nini?"

Baba mdogo akanikanyaga mguu chini ya meza. Lakini ndugu zangu, nilisikia Nyangeta anakohoa kidogo nyuma ya pazia, nikaona nikisema "kiwandani" tu nitaonekana mfagizi, nikaamua kueleza. Huo ndio uamuzi wenyewe, mdogo hivyo. Nikachukua chupa ya chai nikaisimamisha katikati ya meza, nikasema huu ndio mnara. Mafuta yanakuja na meli, baba, meusi tii, kila kitu kimechanganyika humo, yanapita kwenye mabomba mpaka tanuru, yanachemshwa, mvuke unapanda mnarani, na kila aina inatoka kwenye ngazi yake, gesi juu kabisa, halafu petroli, chini yake mafuta ya taa, chini tena dizeli, na lile zito linalobaki ndilo linalopikwa lami.

"Kwa hiyo haya ya taa tunayonunuaga duka la kijiji, umeyapika wewe?"

"Ndiyo, baba." (Mimi nilikuwa kikosi cha zimamoto cha kiwanda. Sijawahi kupika hata kijiko.)

"Basi muyapikage vizuri, yanatoaga moshi sana."

Nyuma ya pazia wanawake wakacheka, nami badala ya kunyamaza nikapandisha sauti. Nikaeleza kwamba getini tunapekuliwa mpaka soksi, kiberiti ni marufuku, na kwamba kuna king'ora. "Kikilia, baba, huulizi maswali. Unanusa, unaangalia upepo unatokea wapi, unamshika aliye karibu yako na unakimbia kuuelekea upepo, ili mvuke usiwafuate. Tunazoezwa mpaka mwili unajua wenyewe."

Kumbe mama mkwe alikuwa hapo hapo nyuma ya pazia anajaza mafuta ya taa kwenye chemli, na hadithi ilimnogea akasahau mkono, chemli ikafurika, mafuta yakamwagika sakafuni. Harufu ikapita chini ya pazia ikanikuta puani. Na kabla sijajiuliza ni ya nini, king'ora cha jineri kikalia.

Kile king'ora kililia kila siku saa hiyo kuwatoa watu wakale. Bunda nzima walikijua, kuku walikijua. Mgeni nilikuwa mimi peke yangu.

Sikumbuki kuamua chochote. Nakumbuka pazia la maua likiwa kichwani kwangu, na mtu mzito kiasi akiwa begani, amebebwa vile vile tulivyofundishwa, na mimi nikiwa nje natafuta upepo. Upepo wa Bunda mchana unatokea ziwani, na jineri ilikuwa upande huo huo wa ziwa, kwa hiyo nikakimbia moja kwa moja kuelekea king'ora, huku napiga kelele, "Moto! Acheni kila kitu! Uelekeeni upepo!" Kiatu kimoja cha raizoni kikakatika kisigino nikawa nachechemea kwa kasi, na nyuma yangu baba mdogo Mafuru anakuja mbio ameshika kofia, anapiga kelele zake, "Mtue mkwe! Mtue mkwe, umetumaliza!"

Sasa, watu wa pamba wanavyoogopa moto mnajua. Shifti nzima ilikuwa inatoka getini kwenda kula, wakaona mtu anakuja anaita moto na mama wa watu begani, ananuka mafuta ya taa. Nao hawakuuliza. Wakakimbilia ndoo nyekundu, mmoja akanimwagia mchanga kichwani (ulikaa kwenye zile nywele mpaka narudi Dar), mwingine akatumwagia maji, mimi na mama mkwe kwa pamoja.

"Moto uko wapi?" msimamizi wao akauliza.

Nikageuka. Nyumba imesimama salama, hakuna hata moshi wa jikoni, na Mzee Wambura yuko mlangoni, mikono kiunoni. Ndipo ile sauti ambayo sikutakiwa hata kuisikia karibu ikatoka mgongoni kwangu, ya upole kabisa.

"Nitue sasa, baba. Tumefika."

Nilitamani yule wa mchanga anifukie mzima mzima.

Tukarudi sebuleni, mimi nikidondosha mchanga kwenye ugali. Mzee Wambura hakukaa. Akasema mtu aliyemgusa mkwe wake hivyo hana adabu ya kupewa mke, ng'ombe warudi Bugwema leo hii hii. Nikamsikia Nyangeta analia, na jamani, hapo nilisahau aibu yote, niliumia tu.

Mama mkwe akaongea mwenyewe, kutoka nyuma ya pazia lililotundikwa upya, limelowa.

"Baba Nyangeta, siku ile pamba ilipowakaga kweli pale jineri, moshi ukaingia humu, wewe ulitokaga na nini?"

Mzee akajikuna kidevu.

"Sema, wageni wasikie."

Mzee akaangalia pembeni, na sisi wote tukaangalia alikoangalia. Kwenye redio.

"Mimi nilijitoaga mwenyewe, na mtoto mgongoni. Huyu kijana hata harusi bado, ametoka na mimi. Ng'ombe hawaendi popote."

Baba mdogo akaanza kukohoa, kikohozi kikageuka kicheko, akajaribu kukirudisha kikakataa. Mzee Wambura alijikaza, alijikaza kweli, akakinyoosha kile kitambaa cha redio, kisha mabega yakaanza kumtikisika, na tukacheka mpaka majirani wakaja kuuliza kama moto umewaka tena.

Nilitoa mbuzi wa kuondoa aibu, wazee wakamla kwa furaha isiyo na aibu yoyote, na Nyangeta nikamwoa. Tangu siku hiyo nimeapa: ukweni nikiulizwa kazi nasema kiwandani, halafu najaza mdomo ugali. Mama mkwe naye alirudi kwenye umbali wake wa heshima, hatukukaribiana tena maisha yake yote, ila kila nikienda Bunda na king'ora kikalia, nilimsikia kutoka upande wa pili wa nyumba:

"Mkwe! Leo tunakimbia, au tunakula?"